Kibao cha Tangi la Shahamu

Kibao kilikuwa kinatoa jasho. Mwalimu alikifuta kwa kitambaa, akakiinua tena mbele ya darasa, na kabla hajafungua mdomo utelezi wa manjano ukamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, unanuka kama nyama iliyosahaulika ndani ya sufuria.

"Haya, someni," alisema, akijikaza.

Wanafunzi wake kumi na wawili walikuwa watu wazima, wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, na darasa lao lilikuwa chumba cha kulia chakula, saa tisa alasiri, zamu ikiisha. Vibao vyote vya hatari kiwandani viliandikwa kwa Kiingereza. Ijumaa kulikuwa na mtihani, na asiyeweza kuvisoma angeachishwa kazi.

Mwalimu hakupewa vifaa. Kwa hiyo asubuhi ile alikwenda ghala la nyuma na bisibisi, akang'oa kibao kwenye kifuniko cha tangi kuukuu la shahamu, lisilotumika tangu yeye hajazaliwa. Kibao kilikataza kufungua. Yeye hakufungua kitu, aliazima kibao tu. Mama yake mzazi, aliyekuwa akifagia hapo, ndiye aliyekishika akakipuliza vumbi.

Na huyo mama ndiye aliyekaa sasa kiti cha mwisho. Wiki tatu za masomo hazikumwingia hata chembe. Jana tu alionyeshwa kibao cha sumu, akasema ni cha choo.

"Mama, jaribu wewe."

Mama akasimama. Akakisoma kibao. Akasoma na vile vilivyochorwa kwenye karatasi ukutani, sumu, umeme, moto, sakafu yenye utelezi, bila kukwama, kwa sauti nzito ya majimaji, kama mtu anayesema huku amejaza uji mdomoni.

"Heh! Mama Mwalimu amemeza kamusi!" mpakiaji mmoja alipiga kelele.

"Kamusi wapi! Binti yake kampa majibu wakimenya vitunguu!"

Walicheka. Mwalimu naye alicheka, mpaka mama alipopita karibu na pumzi yake ikampiga usoni. Ilikuwa harufu ya kile kibao.

Jioni mama alikataa chakula. Binti alimkuta uani amechuchumaa na kopo la shahamu mbichi, akiichota kwa vidole viwili na kuilamba, nywele za ng'ombe zimenasa kwenye meno.

"Mama! Unakula nini?"

"Nina njaa, mwanangu," ikajibu ile sauti, kwa Kiingereza safi.

Alhamisi binti alimfuata mzee wa boila, aliyekuwa pale kiwandani kabla ya kila mtu, akamweleza habari za mama. Mzee alinusa mkono wake, akageuza uso.

"Kibao umekitoa wewe?"

"Nilikiazima tu, baba."

"Mle ndani mna jini. Aliingia na shahamu za machinjioni, akafungiwa humo. Kile kibao kilimkataza yeye kufungua, si sisi. Mlete mama yako leo hii."

"Leo? Mtihani ni kesho." Maneno yalimtoka kwa aibu. "Akishafaulu, baba. Siku moja tu, nakuomba."

"Unamwachia mama yako jini kinywani kwa ajili ya mtihani?"

Binti aliufunika mkono wake kwa khanga, akaondoka.

Ijumaa mama alipata alama za juu kuliko wote. Msimamizi alimpa mkono wa pongezi, kisha akajifuta kwenye suruali.

Saa kumi na moja walimpeleka ghalani. Mzee alifunua tangi, akaomba dua yake kwa kunong'ona, akampiga mama mgongoni mara tatu, na mama akainama akaanza kutapika, kwanza mafuta ya manjano, kisha mabonge meupe yaliyoshikana kwa nywele, kisha kitu kirefu, laini kama ulimi, kilichotoka taratibu huku kikishikilia meno yake kwa vidole vidogo vidogo ili kisitolewe, hata binti ikabidi akikamate kwa mikono mitupu, kinateleza, kina joto, akakivuta huku kikimnong'onezea hatari zote alizowahi kuwafundisha wanafunzi wake, mpaka kikachomoka na kuangukia tangini, chubwi!

Mzee akabamiza kifuniko, akarudisha kibao.

"Mwanangu," mama alisema, kwa sauti yake mwenyewe. "Mbona mdomo wangu unanuka hivi?"

Jumatatu, kwa zile alama zake, alipangiwa mashine ya kusaga sabuni. Kipande kikanasa. Mama alikuwa ameshapenyeza mkono kukitoa, chini kabisa ya kibao chekundu, binti alipomdaka na kumvuta.

"Hajui kusoma!" alimlilia msimamizi. "Ule mtihani haukuwa wake. Kosa ni langu."

Msimamizi alifoka mpaka akachoka. "Mwezi mmoja! Asipofaulu mwenyewe, mwondoke wote wawili."

Wakawa wanasoma nyumbani kila alasiri. Mama alikosea umeme, akakosea sumu, akajicheka. "Kichwa changu jiwe, mwanangu." Na kila alipokosea, binti alishusha pumzi na kumshukuru Mungu.

Siku ya kumi na tisa mama alisoma karatasi ya kwanza. Akasoma ya pili. Akazisoma zote bila kukwama, akainua macho yanayong'aa, kama mtoto anayesubiri kusifiwa.

"Nimeweza?"

Binti alishindwa kumsifu. Alimsogelea, akamshika kidevu.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "hebu fungua mdomo ninuse."