Kidole Kilichonyamaza

“Barabara yote hii umeiona haikutoshi, mpaka uje upande wangu!” alifoka Bi Mkasi.

“Dada, mimi nilikuwa kulia kwangu! Wewe na baiskeli yako ndio mliohama!” Mama naye alijibu, mikono kiunoni.

Majirani zetu hawahitaji kupigiwa kengele. Kufumba na kufumbua walikuwa wamejaa mbele ya kibanda cha kinyozi, mmoja wao akiwa bado na povu shavu moja. Bi Mkasi, fundi cherehani wa nyumba ya pili, alikuwa amechubuka kiwiko. Miguuni pake zilikuwa sare sita za shule alizotoka kuzipiga pasi, zote zimelowa matope ya mtaroni.

“Gari na baiskeli vimeshapatana,” alisema kinyozi, wembe mkononi. “Wenyewe tu ndio bado.”

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Ngoja niwaeleze. Kule tulikotoka, magari hupita kushoto. Huku tulikohamia miezi miwili iliyopita, hupita kulia. Mama alikuwa ameendesha gari miaka kumi na miwili kwetu, na mikono yake ilikuwa imezoea. Alipopata kazi ya kusambaza mikate ya bekari, ilibidi aanze upya kama mtoto anayefundishwa kushika kalamu. Mara mbili alifungua mlango wa abiria, akakaa vizuri, kisha akauliza nani kaiba usukani.

Ndipo tukabuni njia yetu. Kila siku baada ya shule nilikaa kando yake. Tulipofika kwenye kona, nilinyoosha kidole upande wa kulia na kusema, “Huku, mama.” Mtaa mzima ukaniita Kidole, nami nikavimba kichwa kwa jina hilo.

Siku ile, tulipokuwa tukitoka kwenye kichochoro cha bekari, kifuniko cha kalamu yangu kilianguka chini ya kiti. Nikainama kukitafuta. Mama alikata kona, na mikono yake ikampeleka kule kwa zamani, kushoto. Nikasikia kengele ya baiskeli, kisha kishindo. Nilipoinua kichwa, Mama alikuwa amekata usukani kwa mshtuko bila kujua alikotokea, na gari limesimama upande wa kulia. Bi Mkasi alikuwa mtaroni. Hatukumgonga. Alijirusha mwenyewe ili kutukwepa.

“Nilikuwa upande gani?” Mama aliniuliza, bado ameshika usukani. “Ulinionyesha?”

“Kulia, mama,” nikasema. “Nilikuonyesha.”

Uongo ule ndio aliokuwa akiupigania sasa mbele ya watu, akiamini ni kweli.

“Haya, mwanangu,” alinigeukia, “waambie. Tulikuwa upande gani?”

Macho yote yakanigeukia. “Kulia,” nikasema.

“Mtoto keshasema,” kinyozi alitamka kama hakimu. “Yamekwisha.”

Bi Mkasi alinitazama. Hakupiga kelele tena, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliinama, akaokota sare moja moja kwa mkono mzima. “Sawa,” alisema. “Basi mimi ndiye mwongo.” Akaingia ndani na kufunga mlango.

Nyumbani Mama alizunguka chumbani kama aliyepoteza kitu. “Na mimi niliyemwita dada! Kumbe anaweza kunisingizia mchana kweupe.” Akachukua kigoda kilichokuwa karibu na jiko. “Mrudishie kigoda chake. Sitaki kitu cha mtu.”

Kigoda kile Bi Mkasi alituletea siku tuliyohamia, kabla hata hatujafungua masanduku. Alisema haifai mgeni akae chini. Nilikibeba, na kila hatua kilizidi kuwa kizito.

Nilimkuta uani, akifua sare kwa mkono mmoja. Kiwiko kilichochubuka alikuwa amekifunga kitambaa.

“Shangazi, Mama amesema nikurudishie.”

“Kigoda niliwapa, sikuwaazima.” Hakuinua macho. “Weka hapo. Sare hizi zinatakiwa kesho asubuhi, sina nafasi ya maneno.”

Nilipiga hatua mbili kuondoka, kisha nikarudi. Machozi yakanitangulia. “Shangazi, tulikuwa kushoto. Mimi nilikuwa chini ya kiti. Sikumwonyesha.”

Aliacha kufua. “Umeniambia mimi,” alisema polepole, “lakini mimi nilikuwa najua. Nilikuwa ndani ya mtaro! Asiyejua ni mama yako.”

Nikakibeba tena kigoda hadi nyumbani. Nilimweleza Mama yote, kifuniko cha kalamu na kila kitu. Nilingoja anigombeze. Badala yake aliketi palepale juu ya kigoda na kujishika kichwa.

“Umekosa, na umekosa sana,” alisema mwishowe. “Lakini dereva ni mimi. Nimempa mtoto kazi ya macho yangu. Haya, twende.” Akainuka, nami nikakibeba kigoda na kumfuata.

Hakupita njia ya uani. Alipita mbele kabisa, kwenye kibanda cha kinyozi, akasimama pale pale alipogombana.

“Sikilizeni nyote! Bi Mkasi alisema kweli. Mimi ndiye niliyekuwa upande usio wangu.”

“Na mimi nilisema uongo,” nikaongeza.

Kinyozi alikohoa. “Basi na mimi nafuta hukumu yangu,” akanung’unika.

Mlango wa Bi Mkasi ukafunguliwa. Mama akamwomba radhi, kisha akakunja mikono ya shati ili kumalizia kufua. Bi Mkasi aliushika mkono wake wa kulia.

“Shati hili nitalishonea kifungo chekundu hapa. Ukishika usukani, utajua upande wako bila kumsumbua mtoto.” Kisha akanigeukia. “Na wewe sikia. Barabara hubadilika upande ukivuka mpaka, na anayejifunza hukosea. Ukweli hauna mpaka. Popote utakapohamia, utaukuta upande uleule.”

Nikaitikia kwa kichwa.

“Ingieni sasa. Chakula kinapoa, na sare hazifuliwi kwa njaa.”

Mama alivua viatu, akaingia. Mimi nilibaki mlangoni, kigoda mikononi, nikiona aibu kuvuka kizingiti.

“Kidole,” Bi Mkasi aliita, akipanga sahani, “unangoja nani akuonyeshe upande? Lete hicho kigoda, ukae ule.”