Tawi la Kando ya Njia

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alifagia banda la mbuzi, akawapa maji, kisha akamfungulia baba mlango awapeleke malishoni. Waliomwita Chiriku hawakukosea; mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini asubuhi hiyo alikuwa kimya kama maji mtungini.

Nyasi zilikuwa zimekauka. Bondeni, nyuma ya nyumba, kilibaki kitu kimoja tu cha kijani: kichaka kigeni chenye miiba na matunda mekundu, ambacho hakuna aliyejua jina lake. Ndege na nyuki walijaa humo tangu alfajiri. Wakubwa wa kilimo waliahidi kuja kukitazama tangu mama yake Chiriku yu hai. Mama amezikwa, baba alikuwa akisema, wao bado wako njiani. Ndipo jana akamtuma binti yake akate tawi lenye majani, maua na matunda, alipeleke kwa bwana miti kwenye kitalu cha miche, aulize kama mbuzi wanaweza kulishwa.

Chiriku aliogopa nyuki na miiba. Akavunja tawi la kichaka kingine kando ya njia, kinachofanana nacho. Bwana miti akaligeuzageuza, akasema mbuzi wapewe tu.

Sasa baba alikuwa anateremka na mbuzi wanne, mwenye mimba mbele. Ndege wakaruka wote kwa pamoja, bonde likanyamaza. Hapo Chiriku, aliyekuwa nyuma yao, akaona jambo ambalo jana hakulitazama: nyayo za paa zilikizunguka kichaka, na njaa yote ile, lakini hakuna jani hata moja lililoumwa.

Akakimbia.

"Baba, wazuie. Tawi la jana halikutoka hapa."

Mbuzi mwenye mimba alikwisha kuchuma jani. Baba akamkamata pembe, akalitoa mdomoni kwa vidole. Aliwarudisha mbuzi bandani, akakata tawi mwenyewe, mikono ikachanika, wakaenda kitaluni wote wawili.

Bwana miti alipoliona, akaweka kikombe chake chini. Alisema majani hayo huua mbuzi kabla jua halijatua. Lakini kiangazi matunda yake ndiyo chakula cha ndege, na maua ni ya nyuki. Wasikikate, wakizungushie uzio.

Jioni walichimbia nguzo ya mwisho, ndege wamekwisha kurudi.

"Miaka yote nawalaumu wakubwa wanaoahidi kufika na wasifike," baba alisema. "Kumbe nalea mmoja nyumbani."

Chiriku akainama.

"Miiba ingekuchoma siku moja, mwanangu. Uongo wako ungemaliza banda zima. Ukitumwa, fika."