Njia ya Kisimani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Recheli na bibi yake walikwenda kuchota maji. Walipita njia nyembamba iliyokatiza mashamba hadi kisimani. Njia hiyo ilikuwapo tangu bibi akiwa msichana, na kijiji chao, kilicho upande wa Kipalapala, mkoani Tabora, kiliitegemea.

Mwaka huu Wilbroad, mkulima wa tumbaku, alinunua shamba moja la pale. Kabla hata hajalilima, alilizungushia seng'enge na kuifunga njia. Watu wakalazimika kuzunguka kwa kufuata barabara kuu. Wazee walichoka, na wanafunzi wakawa wanachelewa vipindi.

Mama yake Recheli, Agnetha, aliwakusanya wanawake wenzake. Hawakukata waya wala kumtukana mtu. Walibeba ndoo tupu, wakaketi mbele ya ofisi ya kijiji wakiimba, mpaka mwenyekiti akakubali kuitisha mkutano.

Siku hiyo mwandishi wa redio alifika kutoka Tabora mjini. Alipowahoji watoto, Recheli aliona maelezo ya wenzake ni mepesi mno. Kuchelewa shule kungemshtua nani? Basi akasema kwamba Wilbroad alimpiga bibi yake kwa fimbo alipojaribu kupita. Haikuwa kweli. Bibi alikuwa amerudishwa tu, bila kuguswa.

Habari ilitangazwa jioni ile ile, bila kumtaja mtoto aliyeisema. Kesho yake mkutanoni, Wilbroad alisimama na kumuuliza bibi, mbele ya wote, kama aliwahi kumpiga. Bibi, ambaye hakuwa ameisikia redio, alishangaa, akajibu kwamba hajawahi kupigwa.

"Mmesikia wenyewe," Wilbroad alisema. "Kama la fimbo ni uongo, na la njia ni uongo vilevile. Pale hapakuwa na njia."

Watu walianza kunong'ona. Mwenyekiti akasema hana sababu ya kuendelea na mkutano. Agnetha aliwatazama wenzake, hajui maneno yale yametoka kwa nani.

Recheli alisimama.

"Shikamooni," alisema. "Uongo wa fimbo ni wangu. Mama hakunituma, na bibi hakujua. Mzee Wilbroad, naomba unisamehe. Lakini njia ipo. Twendeni mkaione."

Mwenyekiti alifikiri kidogo, kisha akawaongoza wote hadi shambani. Ndani ya uzio waliona ardhi ngumu, isiyoota majani, iliyoshindiliwa na nyayo za miaka mingi, ikinyooka hadi kisimani. Wilbroad alibisha kwa muda. Mwishowe alieleza kwamba alihofia mifugo ingeharibu tumbaku yake. Wakakubaliana aache upenyo wa kupita watu tu, na wanakijiji wamsaidie kuhamisha nguzo. Kazi ilianza kesho yake.

Agnetha alimpeleka binti yake kwa yule mwandishi, naye akasahihisha habari yake redioni. Wakiwa njiani kurudi, Recheli aliuliza kama mama bado amekasirika.

"Nilikasirika," Agnetha alisema. "Mwanangu, bibi yako kuchoka njiani kulitosha. Wewe kuchelewa shule kulitosha. Anayedai haki aseme yaliyompata, basi. Ukiongeza yasiyokuwapo, unawapa watu sababu ya kutokusikiliza hata unaposema kweli."