Sabuni ya Kumnyoa Elvis

Kila asubuhi Dolphine na mdogo wake Elvis waliteremka kisimani kuchota maji. Maji ya kisima kile yalikuwa meupe pe, mtu asingedhani yana kasoro, kumbe yalikuwa na chumvichumvi ndani yake. Ukifulia nayo, sabuni huisha mkononi na povu usilione. Watu wa bonde lile, upande wa chini wa Homa Bay, walikuwa wameyazoea.

Asubuhi moja Elvis alijaza ndoo yake na kuitua kando. Wiki ile walikuwa wamemzika nyanya yao, mama mzazi wa baba, aliyeishi hadi akabeba vitukuu. Kesho yake ilikuwa siku ya liedo, yaani siku ambayo wafiwa hunyolewa nywele ili msiba uondoke na watu warudie kazi zao.

"Mimi sinyolewi," Elvis alisema ghafla.

"Utanyolewa kama sisi sote."

"Nitatorokea Uriri kwa mjomba."

"Uriri! Wewe hujui hata njia ya sokoni."

"Nitauliza," alijibu Elvis, akijishika kichwa kwa mikono miwili.

Dolphine hakumcheka tena. Mwaka uliotangulia, ami yao alipofariki, Elvis alinyolewa kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Kichwa chake kilikuwa na mapunye, nao wembe ukapita juu yake mkavu. Damu ilimchuruzika hadi shingoni. Vidonda vilitunga usaha, akakosa masomo karibu muhula mzima. Muuguzi wa zahanati alimwambia baba yao waziwazi: "Wembe mpya kwa kila mtu, na povu zito la kutosha. La sivyo, mtanirudishia mtoto huyu akiwa katika hali mbaya zaidi."

Baba yao, Mzee Japheth, alilishika neno hilo. Tayari alikuwa amenunua nyembe mpya, kila mtu na wake. Sabuni alimwachia Dolphine, kwa kuwa siku hiyo msichana huyo alikuwa akienda soko la Oyugis pamoja na jirani yao Mourine.

"Wewe ndiwe uliyemwosha mwenzako vidonda," baba alimwambia. "Chagua sabuni ya kunyolea yenye povu zito. Usidanganywe na karatasi inayong'aa."

Elvis alimfuata dada yake hadi langoni. "Povu likiwa zuri, nitakaa ninyolewe. Nikuamini?"

"Niamini," alisema Dolphine.

Duka la Kerosi pale Oyugis lilikuwa na sabuni za kila aina, na mwenyewe alipenda kuzionyesha. Aliweka beseni juu ya kaunta, akalowesha brashi, akaisugua kwenye sabuni nyeupe ya kijiti, iliyofinyangwa kama mshumaa mnene. Mara povu likapanda, likajaa, likasimama kama ugali ulioiva. Kerosi akaigeuza brashi kichwa chini. Povu halikudondoka.

"Umeona?" alisema. "Povu si mapovu makubwa makubwa ya kuchezea watoto. Hayo hupasuka na kukuacha mkavu. Povu zuri ni zito, linashika nywele na kubaki pale mpaka wembe upite. Sasa niambie, msichana wangu, kwenu mnatumia maji gani?"

Dolphine alitupa jicho pembeni. Kando yake walisimama wasichana wawili waliovaa sare safi za shule ya bweni. Mmoja alikuwa amemnong'oneza mwenzake, na Dolphine alisikia vizuri: "Hawa ni wa kule bondeni. Chai yao ya maji ya chumvi haihitaji sukari, inahitaji huruma!"

"Nauliza kwa sababu," Kerosi aliendelea, "hii ya kijiti haipatani na maji ya chumvi. Kama yenu ni ya chumvi, chukua hii ya tyubu. Haina mbwembwe, lakini haichagui maji."

"Yetu ni ya mvua," Dolphine alijibu kwa sauti ya kusikika. "Tuna tangi."

Kerosi akamfungia sabuni ya kijiti na brashi. Walipotoka nje, Mourine alimshika mkono. "Dolphine, hilo tangi lenu liko wapi? Chini ya kitanda?"

"Nyamaza. Sabuni ni sabuni."

Jua lilikuwa limeanza kuteremka walipofika nyumbani. Dolphine alichukua bakuli la maji ya kisima, akaingia nyuma ya jikoni na kuanza kusugua brashi kwenye sabuni. Alisugua mpaka mkono ukamuuma. Badala ya povu, palitokea utando wa kijivu, kama maziwa yaliyoharibika. Alipaka kidogo mkononi mwake. Ulikauka papo hapo.

Elvis alichungulia. "Povu liko wapi?"

"Linakuja."

Elvis alilitazama bakuli, kisha akamtazama dada yake usoni. Aliingia ndani, na Dolphine alipomchungulia alimkuta akifunga shati lake na kipande cha muhogo katika leso ya marehemu nyanya. Safari ya Uriri ilikuwa imeanza.

Dolphine alijua yatakayotokea akinyamaza. Kesho watu wazima watamkamata Elvis na kumshika kwa nguvu, wembe upite kichwani mwake kama mwaka jana. Hakuna atakayemlaumu yeye. Watasema sabuni ilikuwa mbaya. Lakini yeye alijua kilichokuwa kibaya hakikuwa sabuni.

Alimkuta baba zizini akifunga ndama. "Baba, sabuni haitoi povu."

Mzee Japheth aliisogeza kofia yake nyuma. "Ajabu. Kerosi namjua. Hakukuuliza maji ya kwetu?"

"Aliuliza."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia tuna tangi, Baba. Kulikuwa na wasichana wakitucheka."

Mzee Japheth aliinua macho, akaitazama nyumba yao ya nyasi kuanzia kwenye kilele hadi ukingoni, kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza. "Tangi letu," alisema polepole. "Nionyeshe basi, nami nikachote."

Dolphine alianza kulia.

"Futa machozi. Hayo nayo yana chumvi, hayatatusaidia. Magari ya Oyugis yamekwisha kwa leo. Tangi la kweli liko kwa nani?"

"Kwa kina Mourine."

"Chukua mtungi. Na ukifika, usiseme umetumwa na baba. Sema yote kwa mdomo wako mwenyewe."

Njia ya kwenda kwa kina Mourine haikuwa ndefu, lakini jioni ile ilimchosha Dolphine kuliko safari ya Oyugis. Mourine alikuwa uani akipepeta mtama pamoja na mama yake.

"Karibu, mwenye tangi!" alipaza sauti. "Umetuletea maji?"

"Nimekuja kuomba," alisema Dolphine. "Nilidanganya dukani, na wewe ulinisikia. Sasa sabuni haifai kwa maji yetu, na Elvis anataka kutoroka."

Kicheko kilimwisha Mourine. Alikumbuka kilemba cha bendeji ambacho Elvis alikivaa mwaka uliotangulia. Mama yake aliuacha ungo, akaenda kufungua mfereji wa tangi. "Ungesema tangu mwanzo, mwanangu. Maji ya mvua hatukuyatengeneza sisi." Mtungi ulipojaa, Mourine na Dolphine walipokezana kuubeba njia nzima. Walimkuta Elvis langoni na kifurushi chake; alipoambiwa maji ni ya mvua, akakubali kungoja povu.

Asubuhi ya liedo Elvis aliketi kwenye kigoda akiwa amemshika dada yake mkono kama koleo. Nyanya Rispa, mjane mzee aliyewanyoa watu wa ukoo ule, alilowesha brashi kwa maji ya tangi. Povu likapanda jeupe, zito, likamfunika Elvis kichwa kizima hadi akafanana na kondoo. Nyanya Rispa akafungua wembe mpya.

Elvis alifumba macho. Kitambo kikapita.

"Nyanya, mbona huanzi?"

"Nianze nini, mzee wangu? Nimebakiza sikio hili moja."

Elvis alifumbua macho, akajipapasa kichwa, akautazama mkono wake. Haukuwa na damu. Alicheka kwa nguvu mpaka nyanya akamwonya asitikisike, na waombolezaji nao wakaangua kicheko, cha kwanza tangu mazishi. Dolphine alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Mzee Japheth alimwita kando, naye sasa kichwa chake kikimetameta.

"Mwanangu, maji ya chumvi si aibu. Ndiyo yaliyotulea mimi na wewe. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Anayetaka kukusaidia akikuuliza hali yako, mweleze ilivyo, hata kama wapo wanaocheka. Ukimficha mwenye duka maji ya kwenu, atakuuzia sabuni ya watu wengine. Jana ulichelewa kusema kweli, lakini uliisema kabla ya wembe kumfikia ndugu yako. Kwa hilo, nakushukuru. Haya, nenda ukakae, Nyanya Rispa anakungoja wewe."