Wageni Ndani ya Laptopu ya Mama

Kila jioni, baada ya kuteka maji na kumfunga ndama, Nasimiyu alipangusa plastiki za nyumbani kwao Kimilili. Ndiyo, plastiki. Viti vya sebuleni vilikuwa bado vimevikwa zile vilizotoka nazo dukani, na redio vilevile. Mama yake, Mwalimu Rispah, aliamini kwamba kitu kipya kikivuliwa chochote kilichokuja nacho, kimeanza kuzeeka. Hata laptopu aliyoinunua Bungoma mwaka huo wa 2009, ambayo mchungaji aliiombea mbele ya kanisa zima, ilibaki na utando wake juu ya kifuniko.

Ndani yake pia hapakuguswa. Ilikuja na michezo, matangazo na programu ambazo hakuna aliyeziomba.

"Ziache," Mama alisema. "Si imetoka kiwandani hivyo? Waliotengeneza wanajua kuliko sisi."

Laptopu ilikuwa na kazi moja kubwa. Mama alikuwa amechaguliwa kuandaa mtihani wa majaribio wa darasa la nane, masomo matatu, kwa shule kumi na moja. Ungevuja, watu wasingeuliza umevujaje. Wangesema tu kwamba Mwalimu Rispah ameuuza. Kwa hiyo alipiga marufuku mtu yeyote kuigusa.

Nasimiyu alikuwa darasa la sita, lakini vidole vyake vilikuwa bado vya chekechea. Alhamisi, Mama alipokuwa mkutanoni, alifungua laptopu acheze karata. Kisanduku kikajitokeza katikati ya mchezo, kikiahidi kwa Kiingereza kuhifadhi nakala za kazi zote bure. Akakifunga, kikarudi. Akakifunga tena, kikarudi tena. Mwishowe akabonyeza "Ndiyo" ili kimwondokee, naye akaendelea kucheza kwa raha zake.

Jumamosi asubuhi, Mama alichomeka modemu ya intaneti asome barua pepe, kisha jirani akamwita uani. Nasimiyu alikuwa akifagia sebuleni. Alipoinua macho aliona kisanduku kilekile pembeni mwa kioo, na majina yakipita ndani yake: Hisabati, imetumwa. Sayansi, imetumwa. Kiswahili, inatumwa.

Ufagio ulimtoka mkononi. Mtihani ulikuwa unaondoka nyumbani mchana kweupe!

Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemwona Alhamisi. Aliogopa sana, tena aliona haya. Lakini alipomfikiria Mama akisimama mbele ya walimu wenzake bila jibu, aliogopa zaidi. Akachomoa modemu, akakimbia uani.

"Mama, nimekosa! Nilicheza na laptopu, nikabonyeza Ndiyo, sasa inatuma mtihani!"

"Inatuma wapi?"

"Sijui, Mama. Nimechomoa modemu."

Mama aliingia ndani, akaizima laptopu. Alichukua mkoba wake. "Vaa viatu. Tunaenda Kitale."

Kang'ethe, fundi wa tarakilishi, alikuwa na kibanda nyuma ya soko la Kitale. Aliitazama laptopu, akabonyeza hapa na pale, akacheka kidogo.

"Mwalimu, hii nyumba yako imejaa wageni."

"Wageni gani? Ni mpya hiyo! Hata plastiki sijatoa."

"Ndiyo nasema. Kampuni zingine hulipa ili programu zao ziwekwe kabla mashine haijafika dukani. Zingine ni za kuuza vitu tu, zingine zinachungulia kazi yako. Sasa ukihamia nyumba mpya upate watu wamelala sebuleni, utawapikia chai ati kwa sababu uliwapata hapo?"

Nasimiyu alitaka kucheka, lakini hakuthubutu.

"Mitihani miwili imefika kwa wenye programu," Kang'ethe aliendelea. "Wa tatu ulikatika njiani. Pengine hakuna mtu atausoma."

"Mtihani hautunzwi kwa pengine," Mama alisema. Papo hapo akampigia simu Mwalimu Mukhwana, mwenyekiti wa kamati ya mtihani, akamweleza yote bila kuficha hata kubonyeza kwa Nasimiyu. Alipokata simu, alimgeukia Nasimiyu.

"Amesema tuna siku kumi. Nitunge upya yote mitatu. Na ameshukuru kwamba ameyasikia kwangu kwanza."

Kang'ethe aliwafukuza wageni mmoja mmoja, akamwonyesha Nasimiyu namna ya kusoma kila ombi kabla ya kulijibu. "Usipoelewa, jibu ni Hapana. Halafu uulize. Kuuliza si ujinga."

Siku zilizofuata Mama alitunga maswali mapya, naye Nasimiyu alipika, akafua na kukamua ng'ombe bila kuambiwa. Mtihani ulifanywa katika shule zote kumi na moja, na hakuna aliyeuona kabla ya siku yake.

Jioni ya siku hiyo Mama alimwita Nasimiyu sebuleni.

"Ulikosa kugusa ulichokatazwa," alisema. "Lakini mficha uchi hazai. Ungenyamaza, ingekwenda mitihani yote, na jina langu pia. Mimi nami nilikosa. Nilidhani kipya ni salama kwa sababu ni kipya. Kitu kikiingia nyumbani kwetu, tukikague sisi wenyewe, hata kama kimeombewa."

Kisha akamsogezea laptopu na kumwonyesha ncha ya ule utando.

"Vuta."

Nasimiyu alivuta taratibu mpaka wote ukatoka. Akageuka, akavitazama viti.

"Na hivi, Mama?"

"Usinizoee," Mama alisema, lakini alikuwa anacheka.