Uso Wako Umekuwa Mzuri

Siku ya kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachushwa ya Wakorea, nyumbani kwa Mama Narae hapakaliki. Kabichi zimejaa jikoni mpaka kibarazani. Wanawake wa ukoo wamevaa glavu za mpira na kuzunguka beseni kubwa. Wanapaka pilipili, vitunguu saumu na uduvi wa chumvi katikati ya majani ya kabichi. Mikono inafanya kazi, na midomo nayo haipumziki.

Mwaka ule Mama Narae alikuwa na furaha iliyochanganyika na hofu. Binti yake, Narae, wa miaka kumi na tisa, alikuwa ametoka chumbani kuja kusaidia. Narae alikuwa anaugua. Alijinyima chakula mpaka akaisha mwili. Kisha akawa anakula kwa siri na kujitapisha. Sasa alikuwa anahudhuria kliniki, na alianza kupata nafuu.

Ndugu hawakujua lolote. Mama Narae aliwaambia ni vidonda vya tumbo. Aliona aibu. Mtoto wa nyumba yenye chakula amekonda kwa kutokula, watu watasemaje?

Kazi ilipoisha, nyama ya nguruwe iliyochemshwa ikaletwa mezani. Mama Mkubwa Malsun, dada yake Mama Narae, alikuwa mtu wa moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi. Alifunga kipande cha nyama ndani ya jani la kimchi mbichi.

"Narae, hebu sema aaa!"

Tonge la mkono wa mkubwa halikataliwi. Narae akafungua mdomo. Watu wote wakamtazama akitafuna.

"Ehee! Na uso wako umekuwa mzuri, mwanangu!"

Kwa watu wa pale, hiyo ni sifa. Maana yake ni kwamba umerudi kuwa na afya. Lakini kila msichana anajua maana yake nyingine: umenenepa.

Mama Narae naye, kwa furaha, akamwaga mafuta kwenye moto.

"Siku hizi anakula huyu! Leo asubuhi kamaliza bakuli zima la wali!"

"Basi mwongeze!" wakacheka wote.

Narae alitabasamu. Akala tonge la pili, na la tatu. Kisha akainuka polepole.

Mama Narae alipomfuata, alikuta mlango wa bafu umefungwa na bomba linamwaga maji. Akaelewa. Narae alitoka macho mekundu. Mama yake akamnong'oneza kwa ukali, wageni wasisikie.

"Nyumba imejaa watu, na wewe unafanya haya? Huoni aibu?"

Narae aliingia chumbani akajifungia. Jioni hakula. Kesho yake pia hakula, na kliniki akasema hataki tena.

"Nimeshawaaibisha," alisema nyuma ya mlango. "Niacheni tu."

Mama Narae hakujua la kufanya. Ng'ambo ya barabara aliishi Sunok, nesi wa kliniki ya afya ya akili. Mama Narae alikuwa akimkwepa kwa miezi, asije akaulizwa habari za Narae. Sasa akabeba kopo la kimchi mpya, akagonga.

"Dada, nimekuletea kidogo, uonje."

Sunok alipokea kopo. Mama Narae akabaki amesimama, anavuta ncha ya sweta.

"Kimchi nimeipata," Sunok akasema. "Haya, lete na hilo jingine."

Mama Narae akaketi, akalia, akasema yote. Hata lile neno alilomwambia binti yake alilisema, huku ameinamisha kichwa.

"Nilimuuliza kama haoni aibu."

"Aibu anayo tele," Sunok akasema. "Aibu ndiyo inayomla. Akishaona aibu anajificha. Akijificha, ugonjwa unapata nafasi."

"Kwani ni ugonjwa kweli? Si ukaidi?"

"Ni ugonjwa. Hakuuchagua, na wewe hukumwambukiza. Lakini ni wa hatari. Kutapika kunaweza kuuchosha moyo. Akizimia, au moyo ukimwenda mbio, msingoje. Mpelekeni hospitali."

"Miezi yote hii ya kliniki imepotea, dada."

"Haijapotea. Mtu anayepona huteleza. Akiteleza, anasaidiwa kuinuka na kuendelea."

"Nifanye nini?"

"Usimsifu kwa kula, wala usimkaripie kwa kutokula. Mwili wake usiuzungumze, hata kwa wema. Kuleni pamoja, saa zilezile, mkiongea mengine. Mkimaliza, kaa naye, maana ndipo vita vinapoanza. Na yeye mwenyewe muulize anataka msaada gani."

"Kwa hiyo aibu ni yangu mimi."

"Hata ikiwa yako, aibu haijamponya mtu."

Mama Narae alirudi, akaketi sakafuni nje ya chumba cha binti yake. Mzazi kumwomba mtoto radhi si jambo jepesi.

"Narae, nilikosea. Mwenye aibu nilikuwa mimi. Niliogopa ndugu zangu wasije wakajua. Wewe hukuniaibisha. Unaumwa, basi. Nisamehe."

Ufunguo ukazunguka mlangoni.

"Tukila, usiangalie bakuli langu," Narae akasema. "Na tukimaliza, usiniache peke yangu."

Wakarudi kliniki pamoja. Kila baada ya chakula walicheza karata. Mama alikuwa mwizi wa karata, na Narae alikuwa anamkamata. Siku nyingine mambo yalikuwa mabaya, Narae akalia, na mama akakaa naye tu.

Jambo gumu lilibaki moja. Kwa ruhusa ya Narae, Mama Narae alimpigia simu dada yake akamweleza ukweli. Aliongea amefumba macho. Malsun, kwa mara ya kwanza, aliteremsha sauti.

"Kumbe nilimuumiza kwa mkono wangu?"

"Ulimlisha kwa mapenzi, dada. Sote hatukujua. Sasa tunajua."

Mwaka uliofuata kabichi zilijaa tena mpaka kibarazani. Narae alichuchumaa kwenye beseni pamoja na wengine. Nyama ilipoletwa, Malsun alifunga tonge, akaliweka kwenye sahani katikati ya meza.

"Liko hapo. Anayetaka."

Watu wakaongea habari za baridi na bei ya pilipili. Narae alinyoosha mkono, akalichukua, akala. Malsun alimwona. Macho yakamjaa machozi, na maneno yakamponyoka.

"Narae, uso wako..."

Meza nzima ikanyamaza. Mama Narae akaikaza mikono yake. Malsun akajizuia.

"...uso wako una pilipili puani."

Narae alicheka mpaka akainamia meza. Alifuta pua kwa kiganja chenye pilipili, pilipili ikazidi, na safari hii wote walimcheka kwa sauti. Hakuinuka kwenda popote.