Matone Mangapi?

Kila akitoka chuo cha Kurani alasiri, Muzna humpokea mdogo wake Zahran ili mama yao, Bi Shariffa, apate kupika. Lakini siku hiyo Zahran hakutaka hata kubebwa. Alilala ukumbini, nyumbani kwao mtaa wa Malindi, macho mekundu, mwili unawaka. Kipimajoto kilionyesha 39.5.

Asubuhi baba yao alimpeleka kwa daktari mgeni kule Mbweni, akapewa kichupa cha dawa ya matone. Kisha baba akapanda boti kwenda Dar es Salaam. Maji yalimwagikia kikapu kilichotiwa dawa, maandishi ya kichupa yakafutika, na sasa hapakuwa na ajuaye mtoto apewe matone mangapi.

"Daktari hajui Kiswahili," mama alisema huku akimpepea Zahran. "Wewe ndiye wa kwanza kwa Kiingereza darasani. Namba ya simu imo kwenye kadi hii. Nenda kwa Mzee Mkadam ukampigie. Hima, mwanangu!"

Mzee Mkadam, karani mstaafu wa bandari, ndiye aliyekuwa na simu pale mtaani. Muzna alimkuta na mjukuu wake Afra, aliyesoma naye darasa moja.

"Shikamoo, Babu. Naomba simu, Zahran mgonjwa."

"Marahaba. Piga, mwanangu."

Daktari aliuliza joto la mtoto. "Thirty-nine five," Muzna alijibu. Daktari hakuelewa. Aliuliza tena, na tena, mpaka mwenyewe akasema, "Thirty-nine point five?" Afra akacheka. Muzna aliona uso unamchoma. Basi daktari alipotaja idadi ya matone, na simu ikakwaruza, Muzna hakuthubutu kumwambia arudie. Ilikuwa "fifteen", kumi na tano, au "fifty", hamsini? Alisema tu, "Yes, thank you," akaikata.

"Hamsini," alimwambia mama.

Bi Shariffa akaanza kuyahesabu matone kikombeni. Ishirini. Akaendelea. Thelathini. Arubaini. Hamsini.

"Mbona mengi hivi? Una hakika?"

Mama hakungoja jibu. Akamwinua Zahran kichwa, akamsogezea kikombe mdomoni.

"Mama, usimpe!" Muzna alipiga ukelele. "Sikusikia vizuri! Nliona haya kuuliza!"

Mama alikiweka kikombe chini. "Rudi," alinong'ona. "Rudi sasa hivi!"

Muzna alikimbia pekupeku. Simu iliita, ikaita, mpaka akadhani daktari keshaondoka. Hatimaye ilipokewa. Muzna alisema wazi kwamba hakusikia, kisha akauliza: "One five, or five zero?"

"One five! Fifteen!" daktari alijibu kwa sauti ya hofu.

"One five," Muzna alirudia, mara mbili.

Zahran alipewa matone kumi na tano. Kabla ya magharibi alitoka jasho, akaomba uji.

Mzee Mkadam alipokuja kumjulia hali, Muzna alimweleza yote huku akilia. Mzee alimwacha amalize.

"Miaka mingi nlipokea namba kwa simu bandarini," alisema. "Namba haitajwi mara moja ikaachwa. Itaje tarakimu moja moja, na mwenzio airudie. Usiposikia, sema hukusikia, hata wakikucheka. Haya ya kuuliza ingekwisha leo leo, Muzna. Majuto ya kikombe kile ungeishi nayo mpaka uzeeni."